ASETATI NDANI YA RANGI: UKOO MMOJA, TABIA TOFAUTI



Tangu kazi ya kupaka rangi madarasa na milango ianze, watu wengi wamekuwa wakituuliza maswali. Akina mama wanauliza kama ndoo za rangi zilizokwisha zinaweza kuchotea maji. Vijana wanaopaka rangi wanauliza kwa nini kichwa kinawauma wanapotumia tina, na hakiwaumi wanapotumia rangi ya maji. Maseremala wanauliza kwa nini gundi yao nyeupe ina harufu inayokaribiana na siki.

Maswali haya yote yanatupeleka mahali pamoja. Katika mambo ya rangi kuna vitu vya ukoo mmoja vinavyoitwa asetati. Vyote asili yake ni ukali wa siki. Lakini kimoja hushika rangi ukutani, cha pili huyeyusha rangi na kupotea hewani, na cha tatu ni sumu yenye ladha tamu. Mtu anayejua kipi ni kipi anaweza kujikinga yeye na watoto wake. Kwa sababu hiyo tumeona tueleze jambo hili polepole.

ASETATI NI NINI?

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu tunakijua. Pombe ya ndizi, ambayo wengine tunaiita kasiksi na wengine urwarwa, ikikaa wazi siku nyingi huchacha sana mpaka hainyweki. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikisaidiwa na hewa, vimegeuza alkoholi iliyokuwamo kuwa asidi. Asidi hiyo inaitwa asidi asetiki. Ndiyo inayoipa siki ukali wake. Siki ya dukani kwa kawaida ina sehemu 4 hadi 8 za asidi hii katika kila sehemu 100, na nyingine karibu zote ni maji.

Waliosoma kemia sekondari watakumbuka kwamba molekuli moja ya asidi asetiki ina atomu 2 za kaboni, 4 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Kati ya zile haidrojeni 4, moja haikushikwa kwa nguvu. Ikiondoka na nafasi yake ikachukuliwa na kitu kingine, kinachopatikana kinaitwa asetati ya kitu hicho.

Nafasi ile ikichukuliwa na metali, kama shaba au risasi, tunapata chumvi. Ikichukuliwa na sehemu ya alkoholi, tunapata kimiminika chepesi chenye harufu kama ya matunda.

Kwa hiyo neno asetati ni kama jina la ukoo. Linakuambia mtu ametoka kwa nani, lakini halikuambii tabia yake. Ni lazima uulize na jina lake la pili.

ASETATI INAYOSHIKA RANGI UKUTANI

Katika kopo la rangi yoyote mna vitu vitatu vikubwa. Kwanza ni unga wenye rangi yenyewe. Pili ni gundi ya kuushikisha unga huo ukutani. Tatu ni kimiminika cha kufanya mchanganyiko uwe laini ili brashi ipite. Rangi ikikauka, kimiminika kimeondoka, na unga na gundi vimebaki.

Katika rangi nyingi za maji, gundi hiyo ni polivinili asetati. Mkemia wa Ujerumani, Fritz Klatte, ndiye aliyeigundua mwaka 1912. Inaanza na kitu kinachoitwa vinili asetati, ambacho ni kimiminika chembamba. Molekuli zake zina uwezo wa kushikana moja na nyingine, kama watoto wanaoshikana mikono kufanya mstari mrefu. Maelfu yakishashikana, kile kimiminika kinageuka kuwa kitu kigumu kinachonata. Gundi nyeupe ya maseremala ni kitu hicho hicho, ila haina unga wa rangi.

Sasa mtu atauliza: kama gundi hiyo haiyeyuki katika maji, imewezaje kuwa rangi ya maji? Mfano mzuri ni maziwa. Maziwa ni mafuta yaliyogawanyika kuwa matone madogo sana ndani ya maji. Mafuta hayakuyeyuka, yametawanyika tu. Rangi ya maji nayo ni hivyo. Matone madogo ya gundi yanaelea ndani ya maji, na kwa sababu hiyo rangi hiyo na gundi ya seremala vinaonekana vyeupe kama maziwa. Ukipaka ukutani, maji yanakwenda hewani. Matone yanasogeleana, yanabanana, mwishowe yanaungana na kuwa ngozi moja.

Hapo ndipo tunapata sababu ya kuosha brashi mapema. Kabla matone hayajaungana, maji na sabuni vinatosha. Yakishaungana, maji peke yake hayayatoi tena, na brashi imekufa.

Tufahamu pia kwamba si kila rangi ya maji ina asetati. Nyingine zina gundi ya namna nyingine inayoitwa akriliki, ambayo huvumilia mvua na jua zaidi. Ukiwa na rangi ya polivinili asetati, itumie ndani ya nyumba. Nje, unyevu huilainisha.

KWA NINI RANGI INABANDUKA KWENYE SARUJI MPYA?

Jambo hili limewasumbua mafundi wetu. Ukuta umepigwa lipu, baada ya siku chache umepakwa rangi ya maji, na haukupita muda mrefu rangi imeanza kutoka kama magamba. Watu wanasema rangi ilikuwa mbovu. Huenda ilikuwa nzuri, ila ilipakwa mapema.

Akina mama wa kikundi cha sabuni wanaijua kemia hii kwa mikono yao. Wanachukua mafuta ya mawese, wanatia magadi makali ya sabuni, na mafuta yanavunjika kuwa sabuni. Saruji mpya na chokaa vina ukali wa namna ile ile ya magadi, ndiyo maana mikono ya fundi inapasuka. Polivinili asetati inapokutana na ukali huo pamoja na unyevu wa ukuta, magadi yanazikata zile sehemu za asetati kutoka kwenye mstari wao. Asetati inajiunga na chokaa na kuwa chumvi. Mstari unaobaki hauna tena nguvu ya kuzuia maji. Rangi inalegea na kubanduka. Kwa maneno mengine, ukuta umejaribu kutengeneza sabuni kwa kutumia rangi yako.

Dawa yake ni subira. Ukuta wa saruji upewe muda usiopungua majuma manne ukauke kabla ya kupakwa, na wakati wa masika upewe zaidi.

ASETATI INAYONUKA

Wa pili katika ukoo huu ni wale wanaotokana na siki na alkoholi. Wawili wanaotumika sana ni ethili asetati na butili asetati. Kazi yao ni kuyeyusha. Wanapatikana katika tina za rangi za kupuliza, katika vanishi za namna fulani, na katika rangi ya kucha ambayo mabinti wetu wanainunua sokoni. Hawabaki ukutani wala kwenye kucha. Wanaifikisha rangi mahali pake, kisha wanaondoka hewani. Ile harufu unayoisikia ndiyo safari yao.

Ndugu yao mwingine, isoamili asetati, yumo ndani ya ndizi mbivu. Ndiye hasa anayeifanya ndizi inukie kama ndizi. Zamani alitumika sana kuyeyushia vanishi, na watu wakamwita mafuta ya ndizi. Kiasi kidogo kilichomo ndani ya tunda hakina madhara. Lakini harufu nzuri ya kopo isimdanganye mtu: kilichomo ndani ya kopo si chakula.

Butili asetati ina historia inayohusu mahindi, chakula chetu cha kila siku. Wakati wa vita kuu vya 1914 hadi 1918, Uingereza ilihitaji asetoni kwa ajili ya kutengeneza baruti. Mkemia Chaim Weizmann, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israel, aligundua namna ya kuipata kwa kuchachusha mahindi kwa vijidudu maalumu. Pamoja na asetoni, mahindi hayo yalitoa alkoholi nyingine iitwayo butanoli, tena kwa wingi zaidi, na wakati ule haikuwa na kazi kubwa. Baada ya vita, butanoli ikaunganishwa na asidi ya siki, ikawa butili asetati. Katika miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Marekani vikaitumia kuyeyushia rangi mpya za kupuliza. Kabla ya hapo, gari lilikaa majuma mengi likingoja rangi ikauke. Kwa rangi hizo mpya, tabaka moja lilikauka kwa muda mfupi sana.

Wepesi huo wa kuondoka hewani ndio faida yao, na ndio hatari yao pia. Tuangalie hatari mbili.

Ya kwanza ni moto. Ethili asetati inachemka katika nyuzi 77 tu, wakati maji yanachemka katika nyuzi 100. Hata kwenye baridi kali ya nyuzi 4 chini ya sifuri, mvuke wake unatosha kushika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, na unaweza kuyafikia mafiga au koroboi iliyo mbali na kopo. Moto ukiwaka, unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kopo. Katika nyumba zetu za nyasi na turubai, zilizokaribiana namna hii, moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa mzima. Mabinti, msipake wala kufuta rangi ya kucha karibu na koroboi.

Ya pili ni pumzi. Mvuke huu ukivutwa kwa wingi unaingia kwenye damu na kufika kichwani. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu. Hiyo ndiyo sababu ya vijana kuumwa wakifanya kazi na milango imefungwa. Tina nyingi zina pia toluini, ambayo ni kali zaidi. Rangi za mafuta za milango kwa kawaida hazina asetati. Zinalainishwa na kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa. Hata hivyo tahadhari ni zile zile: moto mbali, madirisha wazi.

Kwa vijana wanaonusa tina au gundi ya viatu ili wasahau njaa na mawazo, tunasema bila kuficha: moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza. Mzazi ukiona mtoto ananuka tina na macho yake yamelegea, usianze na fimbo. Mpeleke kwenye hewa safi, kaa naye, kisha ongea na mhudumu wa afya.

ASETATI YENYE SUMU

Wa tatu katika ukoo ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Huyu ni asetati ya risasi. Tunazungumzia madini ya risasi, yale mazito yanayotumika kwenye betri za magari.

Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili, rangi nyeupe bora ilitokana na risasi. Waholanzi walikuwa na njia maarufu ya kuitengeneza. Walitia siki kidogo ndani ya vyungu, wakaweka vipande vya risasi juu yake visiguse siki, kisha wakavifukia vyungu kwenye samadi ya farasi. Samadi ilitoa joto na hewa ya kaboni. Mvuke wa siki, pamoja na hewa, uliigeuza risasi kuwa asetati ya risasi. Hewa ya kaboni ikaigeuza asetati hiyo kuwa unga mweupe, na asidi ya siki ikaachiliwa irudie kazi. Baada ya miezi kadhaa vyungu vilifukuliwa, na risasi nyingi ilikuwa imegeuka kuwa rangi nyeupe. Waliofanya kazi hiyo waliugua tumbo, wakapooza mikono, wengine wakafa. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi hiyo isipakwe ndani ya majengo.

Asetati ya risasi yenyewe ni tamu. Wazungu wa zamani waliiita sukari ya risasi. Warumi walichemsha maji ya zabibu ndani ya vyombo vya risasi, yakawa matamu zaidi, nao wakayatumia kwenye chakula na divai bila kujua wanakula sumu. Utamu huu ni jambo la kukumbuka sana, maana mtoto akikuta kitu kitamu hatakitema.

Leo rangi nyeupe haitengenezwi tena kwa risasi katika sehemu nyingi. Unga mweupe unaotumika ni wa madini ya titani. Lakini risasi bado imo katika baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu, na za machungwa, na katika rangi za zamani za mabati, mapipa, milango na vyuma. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wanashauri rangi isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 katika milioni moja. Si kila nchi imeweka sheria hiyo, na si kila kopo la sokoni linaifuata.

Risasi iliyo ndani ya rangi iliyokauka inaweza kukaa miaka mingi bila kutoka. Kinachoitoa ni ukali wa asidi. Maabara zinapotaka kujua kama sahani au bakuli la udongo lililopakwa rangi linatoa risasi, hulijaza maji yenye asidi asetiki sehemu 4 katika 100, karibu sawa na siki, na kuliacha saa 24. Kisha wanapima kilichoyeyuka. Basi mama anayetia pombe iliyochacha, maziwa ya mgando, nyanya au maji ya limau ndani ya kopo la zamani la rangi anafanya kipimo hicho bila kujua, na wanaokunywa ni watoto wake. Ndani ya tumbo la mtoto nako mna asidi, nayo inafanya kazi ile ile akimeza magamba au vumbi la rangi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huchukua mwilini risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima aliyekula kiasi kile kile. Inadhuru ubongo, inapunguza damu, inamfanya mtoto awe mzito kujifunza, na madhara ya ubongo yanaweza kubaki maisha yote. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Watoto wetu wameshapoteza miaka ya shule kwa sababu ya vita na safari. Tusiwaongezee mzigo mwingine ambao tunaweza kuuzuia.

MAMBO YA KUFUATA

1. Ndoo na makopo ya rangi yasitumike kwa maji ya kunywa, chakula wala pombe, hata yakisuguliwa. Tunajua ndoo ni mali katika kambi. Itumie kwa takataka, kubebea udongo wa matofali, au kuwekea mchanga wa kuzimia moto.

2. Usipikie kwa mbao zilizopakwa rangi. Kuni ni shida, tunalijua hilo. Lakini risasi haiungui ikaisha. Inabaki katika moshi na katika majivu. Majivu hayo yasisugulie sufuria wala yasitiwe kwenye bustani ya mboga.

3. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshe kwanza, watoto wawe mbali, kisha kusanya magamba yote na kuyafukia mbali na kisima. Baada ya kazi oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, hasa wanaocheza karibu na kuta zinazobanduka. Mtoto anayekula udongo au magamba ya rangi apelekwe zahanati.

5. Ukifanya kazi na tina, fungua mlango na madirisha, zima moto wote wa jirani, usivute sigara, na funika kopo.

6. Tina isiwekwe ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Tina ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni na kumuua. Mkimbize zahanati pamoja na chupa yenyewe, mganga aione.

7. Ukinunua rangi, soma karatasi ya kopo. Chagua rangi ya maji kwa kuta za ndani, na dai ile iliyoandikwa kwamba haina risasi.

Kwa hiyo jibu la akina mama ni hapana, ndoo ya rangi si ya maji. Jibu la vijana ni mvuke wa tina. Na maseremala sasa wanajua kwamba gundi yao ina ukoo na siki.

Yeyote mwenye swali, au mwenye ukuta wa zamani unaobanduka karibu na nyumba yake, amwone mfanyakazi wa jamii au kiongozi wa mtaa wake. Na ambaye amesoma karatasi hii amsomee jirani asiyejua kusoma.